Nyumba ya Mtu Aliye Hai

Bodi ilisema kaka yangu hana nyumba ya kurudia, kwa hiyo akae jela. Nimepita miji mingi tangu wakati ule, nimelala vyumba ambavyo sikumbuki hata rangi ya kuta zake, lakini nikiikumbuka miaka ya tisini, maneno hayo ndiyo huja kwanza.

Alituambia mwenyewe. Jela ilikuwa mbali. Mimi na mama tulitoka Busia alfajiri, tukafika jua likiwa utosini, tukakalishwa kwenye benchi pamoja na wake za watu walioshika sabuni na sukari mapajani. Jina lake lilipoitwa tuliingia. Kati yetu na yeye kulikuwa na wavu wa waya, na nyuma yake alisimama askari akichokonoa meno kwa njiti. Kaka alikuwa amenyolewa, shingo imekonda. Mama alimuuliza kama anakula, akasema anakula. Akamuuliza kama anaumwa, akasema haumwi. Kisha kaka akageukia upande wangu, kana kwamba lililobaki ni la wanaume, akasema bodi imekaa na imemkataa.

Wenyewe huko ndani waliiita paroli. Mtu wa kifungo kirefu, akiwa ametumikia sehemu kubwa na hana makosa mapya, bodi ingeweza kumfikiria. Ikiridhika naye, angetoka amalizie kifungo nje kwa masharti: aripoti kwa chifu, asihame bila ruhusa, asionekane kwenye ugomvi. Kaka hakuwa na doa. Alikuwa amejifunza useremala, na askari walikuwa wakimletea viti vyao vya nyumbani avitengeneze. Aliamini atatoka. Sisi tuliamini zaidi yake.

"Wamesema nini hasa?" nikamuuliza.

"Eti sina nyumba. Chifu ameandika sina nyumba."

"Na wewe uliwajibu nini?"

"Niwajibu wapi? Sikuitwa. Nilisomewa tu, nikaambiwa nirudi kazini."

Mama aliinamisha kichwa. Alikuwa akitazama sakafu ya saruji kama mtu aliyeangusha sindano.

Kaka alifungwa kwa kuua, na sitaki mtu afikiri naficha. Alikuwa utingo wa malori Malaba, wakati ule malori yakipanga foleni kutoka mpakani hadi usione mwisho wake, na watu wakiishi chini ya magari hayo wiki nzima, wakipika, wakifua, wakigombana. Aligombana na mpakiaji mmoja wa kutoka Chakol juu ya turubai. Yule alimsukuma, kaka akampiga na chuma cha jeki. Mtu akaanguka, akapelekwa hospitali, akafa. Mahakama ilisema aliua bila kukusudia, ikampa miaka mingi. Hilo halikuwa na ubishi, hata kwake mwenyewe.

Kwetu ni karibu na Rukala, kwenye tambarare ya mto Nzoia, mahali ambapo maji huingia nyumbani bila kuulizwa. Baba alikwisha kufa. Boma lilikuwa na nyumba ya mama, iliyoinuliwa juu ya kichuguu cha udongo, na ng'ambo ya ua nyumba ya mke mwenzake, ambaye mama alikuwa hali naye chakula tangu mazishi ya baba, kwa sababu ambazo kila mmoja wao alizieleza kwa namna yake. Karibu na lango ilikuwepo nyumba ya kaka. Mwaka wa mafuriko makubwa, yeye akiwa tayari jela, maji yaliichukua yote, kuta na nguzo na mlango wa mbao aliokuwa akiringia. Yalipokauka tulikuta tope laini na kiatu kimoja kisicho chetu.

Nyumba yangu haikuwepo kabisa. Kwetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Kwa hiyo nilipomaliza kidato cha nne niliondoka, nikawa mtu wa Busia na Malaba, leo napakia mahindi, kesho nalinda mizigo ya watu, mwishowe nikapata baiskeli yenye kiti cha sponji nikawa wa boda boda. Nilipanga chumba hapa, nikahama kule. Nilijiambia ni ujana. Sasa nina miaka zaidi ya arubaini na bado nafunga virago kila baada ya muda, nami nimeacha kujiambia chochote.

Siku ile ya jela, tuliposhuka Busia jioni, mama aliketi kwenye ukingo wa duka lililofungwa akavua viatu.

"Mimi ndiye nilimwambia chifu," akasema.

Nikaketi kando yake.

"Alikuja na kalamu yake. Akaniuliza, huyu akitoka atalala wapi? Nikamwambia hana pa kulala, nyumba ilibebwa na maji. Nilifikiri wakisikia hivyo watamwachilia haraka aje ajenge."

"Hakukuuliza kama anaweza kulala kwako?"

"Aliuliza. Na mimi nikamuuliza kama yeye analala kwa mama yake."

Sikumlaumu, wala sikuona namna ambavyo angejibu vingine. Mwanaume mzima, aliyekwisha kuwa na nyumba yake, halali chini ya paa la mama yake. Mtu hawezi hata kulifikiria jambo hilo kwa sauti. Na kumjengea nyumba akiwa mbali ndiko kubaya zaidi. Shimo la nguzo ya kwanza huchimbwa na mwenye nyumba kwa mkono wake. Anayejengewa na wengine akiwa hayupo ni mmoja tu: aliyekufa bila nyumba. Huyo hujengewa harakaharaka, kuta za matawi tu, ili maiti iwe na pa kutokea kwenda kaburini. Mimi nilipomwambia mama, tena baada ya kusitasita sana, kwamba ningeweza kukata nguzo nikachimba mwenyewe tumalize maneno, alinigeukia.

"Ukichimba shimo hilo," akasema, "chimba na lingine kando yake."

Sikulitaja tena.

Basi bodi ilitaka nyumba kwanza ndipo mtu atoke, na sisi tulitaka mtu kwanza ndipo nyumba isimame. Watu wa kwetu waliposikia walicheka kicheko kile kisicho na furaha, wakarudi mashambani.

Wakati ule nilikuwa na abiria wangu wa kila siku, wakili mmoja mwanamke, mtu wa makamo, aliyekaa upande wa Alupe na kufanya kazi mjini, juu ya duka la magodoro. Kazi zake nyingi zilikuwa za mipaka ya mashamba na bidhaa zilizokamatwa mpakani. Alikuwa mzito, alipenda kubeba mafaili mapajani, na hakuwa mtu wa maneno. Asubuhi moja nikipanda naye mlima mdogo ulioko pale nilianza kumsimulia habari za kaka, huku nikihema.

"Pumua kwanza," akasema nyuma yangu. "Usituangushe wote kwenye mtaro kwa ajili ya bodi."

Nikapumua. Tulipofika tambarare akauliza swali moja tu: kaka aliitwa ajibu yale yaliyoandikwa na chifu, au hakuitwa? Nikasema hakuitwa. Tukaendelea mpaka mjini. Aliposhuka akasema nimlete mama.

Alitueleza ofisini, mama akiwa kwenye kiti na mimi nimesimama mlangoni nikiichunga baiskeli kwa jicho moja. Kulikuwa na njia ya kumwomba jaji wa mahakama kuu aupitie uamuzi wa bodi. Kwanza unaomba ruhusa ya kuomba, na ukichelewa mlango unafungwa. Ukipewa ruhusa, ndipo unaomba lenyewe. Lakini tusidanganyike, akasema. Jaji hataulizwa kama kaka yangu anastahili kutoka. Hiyo si kazi yake. Ataulizwa kama bodi iliamua kwa haki, kama ilimsikiliza mtu, kama iliangalia mambo yanayopaswa kuangaliwa. Akiona hapana, anaufuta uamuzi na kuirudisha bodi ikae upya.

"Na ikikaa upya ikakataa tena?" nikauliza.

"Basi safari hiyo itakuwa imekataa vizuri."

Mama akaomba nimfasirie kwa lugha ya nyumbani ingawa Kiswahili alikijua. Nilipomaliza akatikisa kichwa, akauliza kama wakili amekula.

Kuhusu malipo wakili alisema nitambeba asubuhi na jioni mpaka kesi iishe. Nilikubali haraka. Sikujua kesi za namna hiyo zinavyoweza kukaa.

Kabla ya yote alinituma Chakol. Alisema upande wa serikali huenda ukadai kwamba watu wa marehemu bado wana uchungu na kaka akitoka kutakuwa na damu. Alitaka kujua ukweli mapema. Nilikwenda kwa baiskeli, nikamkuta baba wa marehemu akipanga mihogo kwenye paa la ghala ikauke. Nilijitambulisha kutoka chini. Sikujua kama atashuka na panga.

Hakushuka. Aliendelea kupanga mihogo, vipande vikitazama jua. Nikamweleza nilichotumwa, kwamba hatumwombi asamehe, tunataka tu kujua kama atapinga.

"Wewe ni mdogo wake?"

"Ndiyo, mzee."

"Mnafanana masikio. Nilimwona kortini." Akageuza kipande cha muhogo. "Waambie sipingi. Na waambie sisaini. Kila mwaka anakuja mtu kuniuliza juu ya kijana wenu. Hakuna aliyewahi kuja kuniuliza juu ya wangu."

Mkewe alitoka na maji kwenye kikombe cha bati akanipa bila kunitazama usoni. Nikayanywa yote, nikamrudishia kikombe kwa mikono miwili, nikaondoka. Nikiwa barabarani nilihisi kana kwamba ni mimi niliyepiga na chuma. Wakili nilimwambia sehemu ya kwanza tu, kwamba mzee hapingi. Akaandika.

Ugumu wa pili ulikuwa kiapo cha mama. Wakili aliandika hati nzuri, karani wake akaipiga chapa: kwamba yeye ni mama mzazi, kwamba boma lipo, kwamba mwanawe akiachiliwa atapokelewa na kulala nyumbani kwa mama yake. Nilimsomea. Nilipofika hapo pa kulala alirudisha mkono uliokuwa tayari kwa wino wa kidole.

"Hapo siapi."

"Mama," wakili akasema, "ni karatasi tu ya kumsaidia mtoto."

"Kama ni karatasi tu, mbona nashikishwa Biblia?"

Wakili alivua miwani akasugua macho. Alikuwa ametoka kortini asubuhi ile na alasiri alikuwa na kesi ya ng'ombe. Akatuuliza, bila ukali, shida hasa ni nini. Tukamweleza habari ya paa la mama, na shimo la nguzo, na nyumba ya maiti. Yeye kwao ilikuwa upande mwingine wa nchi na hakuwa amewahi kuyasikia hivyo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua hati ile akaikata mstari, akaanza kuandika upya kwa mkono, polepole, akimuuliza mama neno baada ya neno. Iliandikwa kwamba boma la baba yake lipo na mahali pa nyumba papo. Iliandikwa kwamba kwa desturi ya watu wale mwenye nyumba ndiye huianza, na kwamba asipoachiliwa hataweza kuwa na nyumba hata angekaa jela mpaka uzee. Mama akaapa hayo. Akabonyeza kidole kwa nguvu hata wino ukaruka.

Halafu tukaanza kungoja, na sehemu hii sina mengi ya kusema juu yake isipokuwa kwamba ilikuwa ndefu. Ruhusa tulipewa. Siku ya kusikilizwa ilipangwa, tukasafiri siku nzima, tukaambiwa jaji yuko likizo. Ikapangwa nyingine, wakili wa serikali akaomba muda ajibu. Ikapangwa nyingine, mvua ikakata barabara kwetu mama akashindwa kutoka. Nilimbeba wakili asubuhi na jioni. Nilibadilisha matairi, nikabadilisha mnyororo. Kulikuwa na vijana wa stendi walioanza kuniita Mahakama. "Mahakama, leo umeahirishwa?" waliniuliza nikikosa abiria. Nilicheka nao. Usiku mwingine nilikaribia kuvuka mpaka na kwenda mbele tu, Tororo, Jinja, popote, kama nilivyokuja kufanya miaka ya baadaye. Kilichonizuia ni kwamba wakili alikuwa akinisubiri saa moja asubuhi barabara ya Alupe na mafaili yake mapajani.

Kaka tulimwona mara chache. Aliacha kuuliza. Alipoona tumefika na mikono mitupu alituuliza juu ya mambo mengine, kama mto umejaa, kama samaki wanapatikana, nani ameoa.

Hatimaye ilisikilizwa. Kaka hakuletwa, kwa kuwa kesi za namna ile huamuliwa kwa karatasi, na mawakili ndio husema. Wa serikali alikuwa kijana mwenye mafua, akipenga kila mara na kuomba radhi. Alisema bodi haina wajibu wa kujua desturi za kila kijiji. Bodi iliuliza kama mtu ana makazi, ikajibiwa hana. Nani alijibu? Mama yake mwenyewe. Mama alisikia neno mama likitajwa kwa Kiingereza akaketi wima.

Jaji alikuwa mzee, mwenye sauti ya chini iliyotufanya wote tuinamie mbele. Alimuuliza wakili wetu kama ni kweli hata ndugu wa kuzaliwa naye hawezi kuianza nyumba hiyo. Wakili akasema ni kweli, ila kwa marehemu. Jaji akaandika kwa muda mrefu. Kisha akamuuliza yule kijana swali moja: yule mfungwa aliwahi kuambiwa kwamba shida yake ni nyumba, kabla uamuzi haujatolewa? Kijana akafungua faili, akalipekua mbele na nyuma, akasema haionekani kwamba aliambiwa.

Siku ya hukumu mama alikuja na mfuko. Ndani yake kulikuwa na suruali iliyopigwa pasi, shati la kaka la zamani, na viatu alivyoazima kwa mpwa wake. Alikuja pia shangazi mmoja na wazee wawili wa ukoo, wamevaa makoti. Walikaa safu ya nyuma kama watu waliofika kwenye harusi. Nilijaribu kuwaambia njiani, nikawaambia tena mlangoni, kwamba leo si siku ya kutoka mtu. Shangazi alinipapasa begani akasema mimi nimezoea kutoamini.

Hukumu ilisomwa kwa Kiingereza na sikuielewa yote, elimu yangu ilinifikisha katikati. Niliyoelewa ni haya. Jaji hakusema kama desturi yetu ni nzuri au mbaya. Alisema mtu asinyimwe jambo kubwa kwa sababu ambayo hakuambiwa wala kupewa nafasi ya kuijibu, na kama angeulizwa, huenda angekuwa na la kusema. Uamuzi wa bodi akaufuta. Akaagiza bodi ikae tena ndani ya muda unaofaa, imsikilize. Akainuka, na sisi tukainuka.

Wakili alikuja kwetu akitabasamu, mara ya kwanza namwona meno.

"Tumeshinda, mama."

Mama akachukua mfuko wake kutoka sakafuni.

"Anatokea mlango gani?"

Wakili akanitazama mimi. Mimi nikatazama ukuta. Ndipo akaketi kando yake, pale kwenye benchi la korti, na koti lake jeusi, akaanza kumweleza upya. Karani alikuwa akitaka kufunga chumba na hakuthubutu. Wazee wawili walivaa kofia zao wakatoka bila kuaga. Mama alisikiliza yote, akauliza, "Kwa hiyo tumeshinda waende wakafikirie tena?" Wakili akasema ndiyo, hivyo hasa. Mama akamshukuru, kwa moyo, akamwombea Mungu ampe nguvu. Njia nzima ya kurudi alishika mfuko ule mapajani, akasema tu kwamba viatu vya watu lazima virudi kesho.

Nikamwacha Rukala, nikarudi Busia kazini. Wakili aliniambia kesi imeisha, sina deni tena la kumbeba. Nilimbeba bado, kwa mazoea, mpaka alipohamia mji mwingine.

Sikumbuki ilichukua miezi mingapi. Nilikuwa nimekwenda nyumbani kusaidia kuvuna mahindi kabla maji hayajafika, na tulikuwa shambani chifu alipokuja, amekunja suruali hadi magotini, viatu mkononi. Alikuwa amechoka kama sisi. Alisalimu, akakubali kuketi juu ya gunia, akanywa uji. Kisha akasema bodi imekaa, imemwita kijana, imemsikiliza. Amewaeleza vizuri. Lakini wanataka jibu moja kutoka nyumbani, maana hawawezi kumwachilia mtu alale barabarani, na nyumba haijengwi kwa siku moja. Siku ya kwanza, na ya pili, na mwezi wa kwanza, atalala wapi?

"Ndilo swali lile lile," nikasema.

"Ndilo," chifu akasema. "Mimi natumwa tu."

Nilimtazama mama. Alikuwa akipukuchua gunzi moja, punje zikidondoka kwenye kanga. Alimaliza lile gunzi lote.

"Andika atalala kwangu."

Chifu hakutoa kalamu. "Mama, usiseme kwa hasira. Nikishaandika nimeandika."

"Sina hasira. Nimechoka." Akalitupa gunzi. "Nyumba ni moja na watu ni wawili, basi mmoja atoke. Mimi nitalala kwa mke mwenzangu."

Chifu akatoa kalamu. Jioni ile mama alivuka ua. Sikumfuata, na hakuna aliyepata kuniambia walizungumza nini wanawake wale wawili, mmoja akiomba na mwingine akiombwa, baada ya miaka yote ile. Nilichoona ni kwamba alirudi gizani akachukua mkeka wake, akaupiga vumbi kwenye kizingiti, akaukunja, akauweka tayari kando ya mlango. Mkeka huo ulikaa hapo mpaka barua ya bodi ilipokuja.

Nilikwenda mwenyewe kumchukua kaka. Alitoka na mfuko mdogo na karatasi ya masharti, akaniuliza tunaelekea upande gani, nikamwonyesha, akawa ananifuata nyuma hatua moja kila nilipogeuka, hata nilipompisha. Busia alisimama muda mrefu akitazama malori. Nilidhani anataka kusema kitu. Alisema baiskeli zimekuwa nyingi.

Nyumbani walimpokea. Watu walikuja, wakala, shangazi aliimba kidogo akaacha. Kaka alimsalimu mke mwenza wa mama kwa heshima ya pekee, maana njiani nilikuwa nimemweleza. Kwa chifu aliripoti kabla jua halijatua. Mahali ilipokuwa nyumba yake palikuwa na majani mafupi na mbuzi mmoja amefungwa. Alipapita mara mbili bila kusimama. Ilipofika saa ya kulala mama alimwonyesha kitanda, akamwonyesha maji, akachukua mkeka wake akavuka ua. Kaka alibaki amesimama katikati ya chumba, mikono imeshuka kando. Nikamwambia alale, nami nikaenda kulala kwa binamu.

Asubuhi nilimwona mama akitoka kwa mke mwenzake na birika la chai, kanga imefungwa kichwani. Alikuja moja kwa moja, akafika mlangoni kwake, na hapo akasimama. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake nikinawa uso. Aliunyosha mkono kwenye komeo, kama alivyoufungua mlango ule kila siku tangu aolewe, akaurudisha mkono. Akapiga hodi.

Ndani kukawa kimya. Nilijua yuko macho, huko alikotoka watu waliamshwa mapema. Siku nyingine aliniambia kwamba alikuwa ameketi kitandani, amevaa viatu, amekunja shuka, akisubiri mlango ufunguliwe kutoka nje.

Mama alihamishia birika mkono wa pili. Akapiga hodi tena, kwa sauti ya mgeni.